Breki zako zimepakwa nini? Grisi ya ovyo yaweza kukutoa roho

Wiki hii habari za mapenzi na mitindo ya nywele tunaziweka kando kidogo, tunaingia gereji. Usifunue ukurasa mwingine! Hata kama huna gari, unapanda la mwenzio. Daladala unapanda, teksi unapanda, bodaboda ndiyo usiseme. Na vyote hivyo, mwisho wa yote, vinasimama kwa kitu kimoja tu: breki.

Vijana wa mjini kupendezesha gari tunakujua. Rimu za kung'aa, vioo vya giza, muziki wa kutikisa mtaa mzima, na marashi yananing'inia pale mbele kwenye kioo. Lakini mwulize mwenye gari, "Fundi alipofungua breki zako, humo ndani alipaka nini?" Atakutazama kama vile umemwuliza jina la babu wa babu yake. Kisha atakujibu, "Si grisi tu!"

Kasheshe inaanzia hapo hapo. Grisi ziko nyingi, na iliyo dawa sehemu moja ni sumu sehemu nyingine. Kwenye breki, ukichanganya hizo mbili, hulipi kwa fedha peke yake.

Kwanza, hiyo kaliperi ni kitu gani?

Gari ndogo nyingi tunazoziona mjini, hizi zinazoletwa zikiwa zimetumika Japani, zina breki za diski magurudumu ya mbele. Diski ni lile sahani la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Kaliperi ni ule mkono wa chuma ulioikumbatia diski kama koleo. Ndani yake kuna pistoni, na kila upande wa diski kuna pedi.

Unapokanyaga pedali, pampu ya breki inasukuma oili ya breki kwenye mabomba. Oili inasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi, pedi inabana diski, gari linasimama. Rahisi kama kunywa maji.

Sasa swali la mtego: ukiachia pedali, nani anairudisha pistoni nyuma? Wengi watakwambia springi. Hakuna springi pale! Anayeirudisha ni raba. Kuzunguka pistoni kuna pete ya raba iliyokaa ndani ya mfereji wake. Pistoni ikisogea mbele, ile raba inajikunja kidogo kuifuata. Ukiachia pedali, raba inajinyoosha na kuivuta pistoni irudi kiasi kidogo mno, lakini kinachotosha pedi iiachie diski.

Kwa hiyo raba ile ndogo, isiyozidi bangili ya mtoto kwa ukubwa, ina kazi mbili. Inazuia oili isivuje, na inairudisha pistoni. Ikivimba, ikalegea au ikakakamaa, kazi zote mbili zimeharibika. Na kitu kinachoivimbisha haraka kuliko vyote ni kile kile ambacho baadhi ya mafundi wanakipaka kwa moyo mweupe kabisa.

Raba ina ndoa yake

Oili ya breki unayoiona kwenye chupa imeandikwa DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1 haitokani na mafuta ya petroli kama oili ya injini. Inatengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli. Raba za breki nazo huchaguliwa ili ziishi na hiyo glaikoli kwa amani. Ya kawaida siku hizi inaitwa EPDM. Wakae pamoja miaka, hawagombani.

Lakini raba hiyo hiyo ukiitia mafuta ya jamii ya petroli, imekwisha. Oili ya injini, grisi ya beringi, grisi ya chasisi, dizeli, mafuta ya taa, hata yale mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini, yote ni ukoo mmoja. Raba inayanyonya, inavimba, inakuwa laini kama andazi lililolala kwenye chai. Pistoni inabanwa na raba iliyonenepa, haitaki kurudi.

Kitu hiki kina historia yake. Mmarekani Malcolm Loughead, ambaye jina lake baadaye liliandikwa Lockheed, alisajili ubunifu wake wa breki za mafuta mwaka 1917. Mwaka 1921 gari la Duesenberg Model A likaingia sokoni na breki hizo magurudumu yote manne. Zama zile za mwanzo, oili ya breki ilikuwa ikichanganywa kwa mafuta ya nyonyo na alkoholi. Ndiyo, nyonyo hii hii unayoijua shambani! Mafuta ya nyonyo na raba walikuwa wanapatana. Tangu siku zile watengenezaji walishajua kwamba unachagua mafuta kwa kuitazama raba.

Yaliyompata binamu yangu

Nisije nikaonekana napiga porojo, nikupe mfano wa nyumbani. Binamu yangu ana IST ya kubebea abiria. Mwaka jana alisikia mlio upande wa kushoto mbele, akaipeleka gereji moja ya mjini. Jina silitaji. Wakafungua kaliperi, wakabadilisha raba, wakafunga, akalipa, akaondoka anapiga mluzi.

Haikupita muda mrefu gari likaanza vituko. Likawa zito kuondoka. Ukishika usukani linavuta kushoto. Mafuta yanakwisha kama kuna mtu anayakinga usiku. Akisimama kwenye foleni, harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani, abiria wanaziba pua. Yeye akadhani ni lori lililo jirani.

Siku ya siku alikuwa anashuka Kimara kuelekea Ubungo, mama mmoja na mtoto wamekaa kiti cha nyuma. Akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini kama anakanyaga godoro. Bahati yake hakuwa na mwendo mkali. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akalipeleka gari kando ya barabara. Mama wa watu alishuka bila kuaga, mtoto begani, wala hakuuliza chenji yake.

Tulikwenda naye kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa makamo ambaye amechafuka mafuta mikono yote lakini benchi lake ni safi kama meza ya daktari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Hili gurudumu mbona la moto kama pasi?"

Akafungua. Pistoni haikutaka kutoka mpaka aisukume kwa upepo wa kompresa, ameweka kipande cha mbao mbele yake isije ikamruka usoni. Akaitoa raba, akachukua mpya kwenye paketi, akaziweka mbili kwenye kiganja. Wallahi ilikuwa kama kumweka mtu na mdogo wake. Ya zamani imenenepa, inateleza, ukiibonyeza inabaki na alama ya kidole.

"Raba hii ni mpya," akasema mzee. "Aliyeifunga hakukosea raba. Amekosea kopo. Hii grisi ni ya beringi, mwanangu. Beringi inaipenda, raba inaiogopa."

Binamu yangu akauliza, sasa pedali ilizama vipi kama oili haikuvuja? Mzee akacheka. Raba ilivimba, ikaishika pistoni, pedi ikawa inasugua diski muda wote, hata mguu ukiwa mbali na pedali. Diski ikapata moto, kaliperi ikapata moto, mwisho oili ya breki ikachemka. Oili ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ukikanyaga, unabonyeza mvuke, pedi hazipati nguvu.

Namba ni hizi, uzikumbuke. Kwa kiwango, DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Sentigredi, na DOT 4 chini ya nyuzi 230. Lakini oili hii inanyonya unyevu wa hewani kama chumvi ya jikoni. Ikishanyonya maji, kiwango kinaruhusu DOT 3 ishuke hadi nyuzi 140 na DOT 4 hadi 155. Sasa fikiria joto na unyevu wa Dar es Salaam, halafu fikiria ile chupa iliyokaa gereji bila kifuniko tangu Pasaka. Huyo ukamteremshe Kitonga au Sekenke? Thubutu!

Sehemu tatu, makopo matatu

Yule mzee alinifundisha kuigawa kaliperi mafungu matatu. Nimeulizia kwa mafundi wengine na kusoma vitabu vya matengenezo, mambo ni yale yale. Kata ukurasa huu uuweke kwenye gari.

Fungu la kwanza ni ndani, kwenye raba na pistoni. Hapa kilainisho salama na rahisi kuliko vyote ni oili ya breki yenyewe, mpya, kutoka chupa iliyofunguliwa hapo hapo, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi la oili ya breki la gari lako. Raba inachovywa, pistoni inapakwa, inasukumwa kwa vidole taratibu bila kuipinda. Kama fundi anataka kitu kizito kidogo, zipo grisi maalumu za raba za breki. Vitabu vya Toyota, kwa mfano, vinataja grisi ya glaikoli yenye sabuni ya lithiamu. Hapo macho yawe wazi, maana grisi nyingi za beringi nazo zimeandikwa "lithium". Neno hilo peke yake halitoshi. Lazima kopo liseme ni ya raba za breki. Zipo pia grisi nyekundu za raba zinazotengenezwa kwa mafuta ya mimea, nazo zinafaa.

Fungu la pili ni pini. Kaliperi za gari ndogo nyingi zinaelea, yaani zinateleza kushoto na kulia juu ya pini mbili zilizovalishwa raba za kuzuia vumbi. Pini zikikauka, kaliperi haitelezi, na pedi ya upande wa pistoni inakwisha huku mwenzake bado nene. Ukiona pedi zako zimelika namna hiyo, mshuku pini kwanza. Hapa inatakiwa grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, inayovumilia joto bila kuila raba, au ile ya glaikoli ikiwa ndiyo iliyotajwa na kitabu cha gari. Na ipakwe nyembamba! Ukijaza tundu zima la pini, hewa inakosa pa kutokea, pini inasukumwa nje badala ya kuingia. Tena kwanza tundu lisafishwe grisi ya zamani. Kupaka mpya juu ya chafu ni sawa na kuvaa shati safi bila kuoga.

Fungu la tatu ni chuma kwa chuma, yaani masikio ya pedi yanapokaa na mgongo wa pedi unapogusa pistoni. Hapa ndipo penye joto kali na ndipo panapotoka zile kelele za kukera. Kunatakiwa grisi ya joto kali, ya seramiki au ya shaba, kiasi cha kupaka kwa ncha ya brashi. Ile ya shaba, yenye rangi kama senti ya zamani, usiipeleke kwenye pini wala karibu na raba, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa mafuta ya petroli. Ya seramiki ni tulivu zaidi, lakini nayo soma kopo. Na hata iwe grisi ya dhahabu, isiguse uso wa pedi wala diski. Pedi ikishakunywa grisi, itupe.

Kusafisha nako kuna mambo

Kuna mafundi wanajua kabisa grisi ya kupaka, lakini wanaosha kaliperi kwa petroli au mafuta ya taa, kisha wanaifuta kwa kitambaa kile kile kilichofuta injini. Hapo umefunga mlango ukaacha dirisha wazi. Raba zioshwe kwa oili ya breki safi. Vyuma vioshwe kwa dawa maalumu ya kusafishia breki au spiriti, vikauke ndipo vifungwe. Mikono nayo ioshwe!

Pistoni ikaguliwe. Ikiwa imekula kutu na ina vishimo pale raba inapokaa, usiidanganye kwa msasa na grisi nyingi. Ibadilishwe. Hakuna grisi inayoziba kishimo. Na kila kaliperi inapofunguliwa mpaka pistoni ikatoka, raba zote ziwekwe mpya, kisha mfumo utolewe upepo kabla gari halijatoka gereji.

Na ukiisha kazi, oili ya breki isiachwe ikadondokea kwenye bodi, maana inakula rangi. Mwagia maji mengi upesi.

Wajue na wale walio tofauti

Msomaji mjanja ataniuliza, je, sheria hii ni ya kila gari? Karibu yote, lakini si yote. Zipo Citroën za zamani zinazotumia mafuta ya madini ya kijani yaitwayo LHM. Raba zake ziliumbwa kwa mafuta hayo, kwa hiyo hapo mambo yanageuka: oili ya kawaida ya breki ndiyo inayoua. Hata baiskeli za kisasa zenye breki za mafuta za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Na ipo DOT 5 ambayo ni silikoni tupu, haichanganyiki na DOT 3, DOT 4 wala DOT 5.1. Angalia vizuri: 5 na 5.1 majina yanafanana, lakini si ndugu. Wenye pikipiki za diski mbele nanyi msijitoe, kaliperi yenu ni ile ile, ndogo tu. Soma kifuniko cha tangi kabla ya kununua chochote.

Ukihisi umeshafanyiwa

Kama una wasiwasi kwamba mafuta ya petroli yameingia kwenye breki zako, fungua kifuniko cha tangi la oili ya breki. Chini yake magari mengi yana raba nyembamba. Ikiwa imenenepa, imejikunja, haitaki kurudi mahali pake, hiyo ni dalili mbaya.

Kipimo cha pili unaweza kukifanya jikoni. Chukua glasi ya maji, tia matone machache ya oili kutoka kwenye lile tangi. Oili ya breki ya glaikoli itachanganyika na maji. Ukiona matone yanaelea juu kama mafuta ya mchuzi, na gari lako si la DOT 5 wala LHM, kuna mgeni humo ndani. Glasi hiyo usiirudishe kabatini kabla hujaiosha barabara, na watoto wakae mbali, oili ya breki ni sumu.

Ikithibitika, usiliendeshe. Na hapo usikubali kubadilishiwa raba moja. Mafuta yakishasambaa, raba zote zilizogusana nayo zimeharibika: za pampu, za kaliperi, za silinda za nyuma, na mipira ya breki. Gari lenye ABS lina raba nyingine ndani ya mtambo wake, na huo bei yake haichekeshi. Yote hayo kwa sababu ya kidole kimoja cha grisi isiyo yake.

Mwulize fundi bila aibu

Najua tatizo letu. Tunaogopa kumwuliza fundi, asije akatuona washamba. Au tunakaa kwenye kivuli na simu, fundi akimaliza ndipo tunastuka. Mimi nasema simama pale pale. Si kwa ukali, kwa heshima tu. "Fundi wangu, samahani, kwenye raba unapaka nini? Kwenye pini je? Naomba nilione kopo." Fundi anayejua kazi hatachukia, atafurahi kupata mtu wa kumwonyesha ujuzi wake. Akikujibu, "Usiwe na wasi, grisi zote ni moja," mshukuru, chukua ufunguo wako, ukatafute mwingine.

Na kama unaweza, nunua mwenyewe chupa ndogo ya oili ya breki na kikopo cha grisi ya silikoni ya breki, uende navyo gereji. Vikopo hivyo vinakaa kwenye droo ya gari bila kudai chakula.

Abiria nawe usikae kimya. Ukisikia harufu ya kuungua kutoka kwenye gurudumu, mwambie dereva asimame pembeni. Atakununia kidogo, potelea mbali. Kununa kunapita, na nyote mtafika.

Haya, mpenzi msomaji, mimi naishia hapo. Rimu zako zing'ae, muziki upige, lakini jua kilichopakwa nyuma ya rimu. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa, tukiwa wazima!